Michezo ya Kuigiza Mezani na Watoto

Mchezo wa kuigiza mezani huchezwa kwa mdomo. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki huwa na mhusika wake: mpiga upinde, nahodha, tabibu, mwizi aliyetubu, yeyote amtakaye. Msimulizi hueleza mahali wahusika walipo na kinachotokea mbele yao. Wachezaji nao husema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa jepesi, kama kufungua mlango usio na kufuli, hufanyika bila mjadala na hadithi husonga. Likiwa la mashaka, kama kuruka korongo au kumbembeleza mlinzi awaache wapite, dadu hurushwa, na namba inayotokea ndiyo hukumu. Nguvu za mhusika, akili zake na wepesi wake vimeandikwa kwa namba kwenye karatasi, na namba hizo humwongezea bahati au humpunguzia. Ubao hauhitajiki, ingawa wengine huchora ramani. Mshindi hayupo. Kisa kimoja huweza kuchukua jioni moja au mwaka mzima, wahusika walewale wakirudi kila wiki kuendelea pale walipoishia.

Mchezo unaojulikana kuliko yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Asili yake ni ya kijeshi. Mwanzoni mwa karne ya 19 maofisa wa Prussia walifundishwa mbinu za vita kwa mchezo uliotumia ramani, vipande vilivyosimama badala ya vikosi, dadu, na mwamuzi mmoja mwenye uzoefu. Mwamuzi huyo ndiye babu wa msimulizi wa leo. Mwaka 1911 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Floor Games, kitabu kuhusu michezo aliyocheza sakafuni na wanawe wawili: visiwa vya matofali ya mbao, meli, wenyeji na safari. Miaka miwili baadaye akatoa Little Wars, chenye kanuni za vita vya askari wa kuchezea na mizinga midogo ya kufyatua. Wapenzi wa michezo ya vita hukisifu hicho cha pili. Lakini cha kwanza, ambacho ndani yake hakuna jeshi la kushinda, ndicho kilichokaribia zaidi kilichokuja kutokea miaka 60 baadaye.

Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, David Wesely aliendesha mchezo wa vita ambamo wachezaji hawakupewa majeshi tu, bali wengine walipewa kila mmoja nafasi ya mtu mmoja wa mjini. Dave Arneson, mmoja wa kundi lile, akalichukua wazo hilo na mwaka 1971 akabuni nchi yake, Blackmoor, yenye ngome iliyojaa mahandaki chini yake. Mwishoni mwa 1972 alisafiri hadi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax. Wakati huo Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima na akijipatia riziki kwa kutengeneza viatu. Alivutiwa, akachora handaki lake mwenyewe, na watu wa kwanza kuingia ndani yake walikuwa watoto wake, Ernie na Elise.

Masimulizi mengi huwataja watoto hao kwa kupita, kisha hukimbilia kwa watu wazima. Haifai. Wahusika wao waliitwa Tenser na Ahlissa. Jioni ile walipambana na wadudu wakubwa, ambao Gygax alipowakumbuka baadaye hakuwa na hakika kama walikuwa tandu au nge, kisha wakaikuta hazina ya kwanza: sanduku la sarafu 3,000 za shaba. Lilikuwa zito mno, halikubebeka, na watoto wakasononeka. Walipokwenda kulala, baba yao aliketi kuchora ghorofa ya pili. Marafiki zake walijiunga katika kikao kilichofuata. Miaka michache baadaye kanuni za mchezo huo zilikuwa na uchawi mmoja uliopewa jina la Tenser: sahani inayoelea hewani ikibeba mizigo mizito.

Toleo la kwanza la mchezo uliotokana na vikao hivyo, Dungeons & Dragons, lilikuwa nakala 1,000, kila moja ikiuzwa dola 10, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimemalizika. Kanuni zake zilikuwa ngumu kueleweka kwa mtu asiyezoea michezo ya vita. Mwaka 1977 daktari wa mishipa ya fahamu, John Eric Holmes, aliziandika upya kwa ajili ya wanaoanza, na sanduku likaandikwa kuwa ni la kuanzia miaka 12. Toleo la 1981, lililohaririwa na Tom Moldvay, liliushusha umri hadi miaka 10. Umri kama huo una maana pale mtoto anapotakiwa kukisoma kitabu mwenyewe. Panapokuwa na mtu mzima anayezijua kanuni na kuzibeba kichwani, mtoto asiyejua kusoma anaweza kucheza vizuri kabisa, kwa sababu anachotakiwa kufanya ni kusikiliza, kufikiri na kusema.

Katikati ya hapo palizuka hofu. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alitoweka kwa muda, na magazeti yakadai kwamba alikuwa amepotelea katika mchezo. Baadaye ilibainika kwamba matatizo yake yalikuwa mengine. Miaka ya 1980 vikundi vya wazazi na wahubiri nchini Marekani viliushutumu mchezo huo kuwa mlango wa ushirikina, na toleo la 1989 likaondoa majina ya mashetani. Hofu hiyo imepoa huko, lakini swali lililokuwa ndani yake ni halali, na mzazi wa Mombasa au Tabora anaweza kuliuliza bila kuonekana mshamba: je, ni sawa mtoto kuigiza mchawi? Jibu la kiutendaji ni kwamba uchawi si nguzo ya mchezo. Ipo michezo ya kuigiza ya wapelelezi, ya mabaharia, ya wanaanga; Traveller, wa mwaka 1977, ni wa safari za angani na hauna mchawi hata mmoja. Familia isiyotaka mazingaombwe huyaacha nje, na kisa hakipungukiwi na kitu.

Kuigiza kwenyewe mtoto hafundishwi. Mtoto wa Tanzania anayecheza baba na mama chini ya mwembe, na wa Kenya anayecheza kalongolongo, wanaanza kabla ya kwenda shule. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky, katika mhadhara wa mwaka 1933, alishikilia kwamba hakuna mchezo wa kuigiza usio na kanuni: mtoto anayeigiza mama hawezi kufanya lolote analotaka, kwa kuwa lazima afanye yale ambayo mama hufanya. Mfano aliotumia ni wa dada wawili walioamua kucheza kuwa dada. Katika maisha ya kawaida walikuwa dada bila kulifikiria jambo hilo. Katika mchezo walianza kuonyesha kwa makusudi udada unavyokuwa.

Mchezo huo wa asili una udhaifu mmoja ambao kila aliyekuwa mtoto anaukumbuka. Wawili wakicheza polisi na wezi, mmoja hupiga kelele, “Nimekupiga, umekufa!” na mwenzake hujibu, “Hujanipata, nimeinama!” Hapo hadithi hufa. Anayeamua ni mwenye sauti kubwa zaidi, au mwenye kaka mkubwa, au mwenye mpira wa kuchezea baadaye. Kazi ya kwanza ya dadu katika michezo ya mezani ni kuumaliza ubishi huo, na kazi hiyo ina uzito wa pekee pale mtu mzima anapocheza na watoto. Mtoto hushindwa na watu wazima mchana kutwa: aoge, ale, alale, arudishe kisu alipokitoa. Mzazi akisema mhusika ameanguka shimoni, mtoto husikia amri nyingine ya mzazi. Dadu ikisema ameanguka, hakuna wa kumnunia. Na ikisema amevuka, amevuka kweli. Si baba aliyemwachia.

Kwa sababu hiyo desturi moja ya wapenzi wengi wa michezo hii haifai mbele ya watoto. Wasimulizi wengi hurusha dadu nyuma ya kiwambo cha karatasi, na matokeo yakiwa mabaya mno huyabadilisha kimyakimya ili hadithi isiharibike. Watu wazima huenda wakaridhia. Watoto hugundua mapema kuliko inavyodhaniwa, na wakishagundua, dadu haina tena mamlaka. Kila namba inarudi kuwa neno la mzazi. Kanuni iliyo bora ni kurusha waziwazi, mtoto mwenyewe akirusha kila inapowezekana, na kutorusha kabisa pale ambapo msimulizi hayuko tayari kupokea matokeo ya aina zote mbili. Kama hadithi haiwezi kuendelea bila ufunguo kupatikana, ufunguo upatikane tu. Dadu iachiwe suala la kama aliyeuchukua ameonekana.

Namna ya kurusha inatofautiana. Dungeons & Dragons hutumia dadu yenye pande 20, ambapo kila upande una nafasi ya asilimia 5, hivyo 1 na 20 hutokea mara kwa mara sawa na 11. Watoto huipenda kwa msisimko, lakini bahati yake ni ya kigeugeu, na mhusika hodari huonekana mpumbavu mara nyingi mno. Mchezo wa Amazing Tales wa Martin Lloyd, uliotungwa kwa ajili ya mzazi na mtoto wa kuanzia miaka minne, umelitatua jambo hilo kwa njia nyepesi ajabu. Mtoto hutaja mambo manne ambayo mhusika wake anayaweza, kwa mfano kuogelea, kuzungumza na ndege, kujificha na kupika, kisha huyagawia dadu nne: ya pande 12 kwa anachokiweza zaidi, halafu ya 10, ya 8 na ya 6. Ikitoka 3 au zaidi, amefaulu. Dadu kubwa hushindwa mara moja katika sita, ndogo mara moja katika tatu. Hakuna kujumlisha, hakuna jedwali, na mtoto huhisi mkononi mwake tofauti kati ya jambo analolimudu na lile analolibahatisha.

Kwa watoto waliokua kidogo, njia ya Apocalypse World, mchezo wa Vincent na Meguey Baker wa mwaka 2010, ndiyo inayolipa zaidi. Mada ya mchezo huo wenyewe si ya watoto hata kidogo, lakini kanuni yake ya dadu imezaa michezo mingi mingine. Dadu mbili za kawaida hurushwa na kujumlishwa. Jumla ya 10 au zaidi ni mafanikio kamili. 7 hadi 9 ni mafanikio yenye gharama. 6 au pungufu inaleta matata. Kati ya namna 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuangukia, 6 ni za ushindi kamili, 15 za katikati na 15 za matata, kabla ya kuongeza uwezo wa mhusika. Hiyo sehemu ya katikati ndiyo lulu. Msichana amelipanda boma, lakini kiatu kimeanguka upande wa pili. Mlinzi amekubali kuwapisha, ila anataka kujua jina la mkubwa wao. Mtoto aliyezoea kwamba jibu ni sahihi au kosa anajikuta na jibu la tatu, na mara nyingi hulitafutia njia kwa furaha kuliko alivyofurahia ushindi.

Hata matata yasiwe ukuta. “Umeshindwa kufungua mlango” ni sentensi isiyo na maana mezani, kwa kuwa baada yake hakuna cha kufanya isipokuwa kurusha tena. “Mlango haujafunguka, na nyayo zinasikika zikipanda ngazi” ni mwanzo wa jambo. Anayejifunza kuwasimulia watoto akilishika hilo peke yake, mengine anaweza kuyachukua polepole.

Mahali pa kisa si lazima pawe ngome za Ulaya zenye theluji. Visa vya pwani ya Afrika Mashariki vinafaa, na kimoja kinafaa kana kwamba kilitungwa kwa kazi hii. Fumo Liyongo amefungwa gerezani Pate. Mjakazi Saada humpelekea chakula kila siku, na walinzi hukipokea mlangoni, wakila kizuri na kumwachia kibaya. Katika hadithi ijulikanayo, mama wa Liyongo huoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi huudharau mkate na kumtupia mfungwa. Kisha huchezwa ngoma yenye kishindo cha matoazi na pembe, na kelele zake huficha sauti ya minyororo ikikatwa.

Mezani, watoto watatu wanaweza kupewa nafasi ya Saada na wenzake wawili. Msimulizi huwapa yale ambayo wangeyaona kwa macho: unene wa kuta, idadi ya walinzi, na ulafi wao. Ulafi huo autaje zaidi ya mara moja na kwa namna tofauti, kwani mtoto mmoja alikuwa akichezea kalamu ulipotajwa mwanzo. Kisha anyamaze. Ugumu wa kunyamaza huko ni mkubwa kwa mtu mzima aliyeijua hadithi tangu utotoni, naye huanza kuwasukuma watoto kuelekea kwenye mkate. “Hebu fikirieni vitu vinavyookwa.” Hapo mchezo umegeuka mtihani. Mtoto mmoja atasema wailoweke tupa katika uji. Mwingine atataka kuwapikia walinzi pilau nyingi mpaka wasinzie. Wa tatu atauliza kama Liyongo ana paka. Pilau ni wazo zuri. Linatumia ulafi uleule kwa njia nyingine, na linastahili dadu. Uji nao unastahili, kwa mashaka makubwa zaidi. Kuhusu paka, msimulizi mwerevu hujibu, “Anaye. Anaitwa nani?” na kuanzia hapo paka ni sehemu ya kisa, naye mtoto aliyemleta hataondoka mezani mpaka mwisho.

Watoto hawafuati njia ya vita kama watu wazima wanavyowatarajia. Mtoto wa miaka saba akikutana na zimwi pangoni, mara nyingi huuliza linaitwa nani na kama limekula. Kanuni za zamani za Dungeons & Dragons zilikuwa na nafasi ya jambo hilo kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika toleo la 1981 msimulizi alirusha dadu mbili kila wahusika walipokutana na kiumbe ambacho mwelekeo wake haukujulikana: 2 ilimaanisha kushambulia papo hapo, 12 ilimaanisha urafiki wa shauku, na kati yake kulikuwa na ngazi za uhasama na kusitasita. Tena, tangu 1974, maarifa ya mhusika yaliongezeka zaidi kwa hazina aliyoitoa salama kuliko kwa viumbe aliowaua, hivyo kupita kwa hila kulilipa kuliko kupigana. Matoleo ya baadaye yaliyapa mapambano uzito zaidi. Kwa meza ya watoto, jedwali lile la dadu mbili lingali na thamani, na linaweza kuandikwa nyuma ya bahasha.

Kifo na hofu vinahitaji busara. Mchezo wa Kiswidi wa mwaka 2017 uitwao Tales from the Loop, ambao wahusika wake ni watoto wa miaka 10 hadi 15, una kanuni iliyoandikwa wazi: wahusika hao hawafi. Wanaweza kuudhika, kuogopa, kuchoka, kuumia, na mwishowe kuvunjika moyo wasiweze kuendelea mpaka mtu awafariji. Ni kanuni bora kuliko kusema tu kwamba “watoto hawataki huzuni”. Huzuni wanaitaka sana. Wasichotaka ni kutolewa mezani. Kuhusu hofu, John Stavropoulos alieneza kifaa rahisi: kadi yenye alama ya X huwekwa katikati ya meza, na anayeigusa huondoa jambo linaloendelea bila kuulizwa sababu. Watu wazima wengine huicheka. Watoto huielewa mara moja, na katika vikao vya kwanza wataigusa kwa majaribio, kuona kama kweli inafanya kazi. Inapaswa kufanya kazi hata hapo.

Muda ni jambo la kuangalia uso. Mtoto wa miaka mitano huchoka baada ya kama nusu saa. Wa miaka minane humudu saa moja. Wa miaka 12 anaweza kukaa alasiri nzima akasahau chakula. Watoto watatu ni kundi zuri, wanne ni wengi, na watano huhitaji msimulizi wa pili au subira ya aina yake. Ndugu wakicheza pamoja, mkubwa huwa anamjibia mdogo. Dawa yake ni kumpa mdogo kitu ambacho mkubwa hana na ambacho kisa kinakihitaji: yeye peke yake anaelewa lugha ya popo, au ndiye anayejua njia ya kwenda mtoni. Kumgombeza mkubwa hakusaidii.

Faida za kielimu zisitiwe chumvi. Ni kweli kwamba mtoto anayerusha dadu mbili jioni baada ya jioni huzoea kuona 7 ikitokea mara nyingi kuliko 2, na kwamba anayeulizwa “unafanya nini?” hujifunza kupanga maneno. Huko Hobro, Denmark, shule ya bweni ya Østerskov imefundisha masomo ya kawaida kwa njia ya michezo ya kuigiza tangu mwaka 2006. Lakini hiyo ni shule yenye walimu waliojiandaa kwa kazi hiyo. Mzazi anayesimamisha kisa ili mtoto ajumlishe 8 na 5 kwa sauti ameshampoteza.

Gharama si kikwazo, ingawa masanduku ya madukani ni ghali na vitabu vingi ni vya Kiingereza. Mwezi Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons ziliwekwa kwenye leseni huria, na yeyote anaweza kuzipakua, kuzitafsiri na kuzichapisha kwa masharti ya kutaja chanzo. Kwa watoto wadogo hata hizo ni nyingi mno. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono unatosha. Dadu ya ludo hupatikana kirahisi. Za pande 8, 10, 12 na 20 ni adimu, lakini kampuni iliyochapisha mchezo huu iliwahi kuishiwa nazo yenyewe: mwaka 1979 masanduku yake ya wanaoanza yalitoka na vikaratasi vyenye namba, vya kuchanganywa kwenye kikombe na kuchomolewa kimoja kimoja. Mkasi, karatasi na kikombe cha chai vinafanya kazi hiyohiyo leo. Jambo la kuangalia ni kukirudisha kikaratasi kikombeni kabla ya kuchomoa tena, la sivyo bahati inabadilika kila zamu.

Baada ya visa kadhaa mtoto mmoja atataka kuwa msimulizi. Hili si la ajabu: Rob Kuntz, aliyejiunga na handaki la Gygax katika kikao cha pili, alikuja kuwa msimulizi mwenza wa handaki hilo kabla hajatimiza miaka 20. Watoto huanza mapema zaidi. Kisa cha kwanza cha mtoto wa miaka tisa kwa kawaida huwa na mtego unaoua kila mtu mlangoni, au hazina isiyohesabika nyuma ya pazia, na wakati mwingine vyote viwili. Mtu mzima aliyeketi upande wa wachezaji asisahihishe. Kazi yake ni kuuliza kuna nini upande wa kushoto, kusema mhusika wake anafanya nini, kurusha dadu waziwazi na kukubali kilichotoka. Kisa hicho huenda kikaisha kwa dakika kumi, ndipo ndugu anayefuata huidai zamu yake.